Mdudu Aliyezoea Mkono

Kamba ilitoka safi, na hapo ndipo roho ya Nakijwa ilipochafuka.

Aliishika mwishoni, pale lilipofungwa jiwe la kuizamisha, akaipitisha kati ya vidole viwili kama mtu anayekamua chuchu ya mbuzi. Hakuna utelezi. Hakuna ile rangi ya kahawia ambayo ukiigusa asubuhi mkono unanuka mpaka jioni. Kamba iliyotoka Njia ya Saba, chini kabisa ya mgodi uliokufa, ilikuwa nyeupe kama siku ilipotoka dukani. Akailamba. Vipimio vya ofisi vina tabia ya kudanganya betri zikichoka, lakini ulimi haujui uongo wa namna hiyo. Meno yakaingia ganzi kama aliyeuma ndimu changa.

"Unarudi," alisema, na hapakuwa na mtu wa kumsikia. "Ukali unarudi."

Nakijwa alikuwa mchungaji. Siyo wa ng'ombe wala wa kanisa, wa mdudu. Karatasi za ofisi zilisema utando, lakini Itandula nzima ilisema mdudu, na baada ya mwaka mmoja wa kukaa nao naye alisema mdudu, ila mbele ya wakubwa.

Kampuni ilipomaliza dhahabu ya Itandula ilifunga virago ikaacha shimo ambalo ukisimama ukingoni, mtu wa ng'ambo unamwona kama siafu. Chini ya shimo iliacha njia saba zilizochimbwa mwambani, moja chini ya nyingine, kama ghorofa iliyopinduliwa. Pampu zilipozimwa, maji yakapanda. Mwamba wa huku una kiberiti ndani yake. Ukikutana na maji na hewa hutoa tindikali, na tindikali ikipita mwambani huyeyusha chuma, shaba na kila kibaya kilicholala humo. Maji yakawa mekundu kama chai ya rangi. Masika yakafurika mpaka bonde la Igulya, na wazee wa bondeni bado wanasimulia ng'ombe waliokunywa wakalala wasiamke. Ndipo wataalamu walipomleta mdudu. Walimzalisha kutokana na vijidudu vya matope ya kinamasi na vingine vilivyotoka humohumo mgodini, wakavioanisha mpaka akapatikana kiumbe wa kuota gizani juu ya mwamba, kula ukali, na kutema metali chini kama mchanga mweusi. Yeye hatembei. Anaota mbele penye chakula na kufa nyuma pasipo chakula. Na kwa kuwa mwamba hauachi kutoa ukali, mdudu haruhusiwi kufa. Kazi yote ya mchungaji ni hiyo.

Sasa shimo lilikuwa ziwa la buluu. Vizimba vya sato vilielea juu yake, na maji ya vuguvugu kutoka njia za mgodini yalipitishwa kwenye mabomba kukausha samaki na mihogo. Watoto waliogelea. Mgeni angeambiwa palikuwa na sumu angedhani anataniwa.

Nakijwa alimpigia Mhandisi Tesha, mkubwa wake aliyekaa mjini.

"Mpare," Tesha alisema. "Leo umetoa salio lako mwenyewe kupiga simu. Kuna msiba?"

"Acha, Mchaga. Njia ya Saba haina mdudu."

"Kamba haikufika."

"Imefika. Nimeilamba."

"Usiwe unalamba vitu, dada yangu. Huku kwangu namba za Itandula ni nzuri, nzuri mno. Ufukoni kwako utando ni mnene kuliko shimo lolote nchini. Kwenye kikao wamekutolea mfano."

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Ukiona ng'ombe wote wako zizini saa sita mchana, unashangilia au unauliza malishoni kuna nini?"

"Nakuuliza wewe. Lori la kukuhamisha linakuja Jumatano. Andika hali ni ya kawaida, atakayekupokea ataangalia. Huko uendako kuna shimo la shaba, zuri, lina upepo."

Tesha alijua pa kumshika. Nakijwa alikuwa mtu wa miguu. Alitoka Usangi msichana, na tangu hapo hakuna mlango alioufunga kwa ufunguo mmoja masika matatu. Godoro lake lilikuwa tayari limekunjwa na kufungwa kamba, limesimama kwenye kona ya chumba kama abiria. Ofisi nayo ilitaka hivyohivyo: mchungaji awe mgeni, asikae mpaka akawa mwenyeji, maana mwenyeji huona haya. Alikata simu, nyayo zikimwasha. Angeweza kuandika neno moja tu, kawaida, na Jumatano ingempokea kama mume.

Badala yake alishuka kwa njia ya mabomba, ambayo hakuzoea kuipita mchana, akaelekea gatini.

*

Gatini palikuwa na banda la Holo. Holo alikuwa mjane, mpana wa mwili na wa sauti, na ndiye aliyempangisha Nakijwa chumba, akampikia kila siku na kumtania kila siku. Utani wake ulikuwa mmoja usiochuja: kwamba Wapare ni wachoyo. Alidai Mpare akipika maharage huyahesabu yanapoingia chunguni na huyahesabu tena yanapotoka.

Nakijwa alimkuta ameinama kwenye ukingo wa maji, kanga imefungwa kiunoni, bakuli mkononi. Ndani ya bakuli mlikuwa na misumari ya kutu, kifuniko cha sufuria kilichopasuka, na betri za tochi zilizokufa.

"Kula, baba," Holo alikuwa akisema, akimimina polepole. "Kula, usione haya. Leo ni zamu yangu."

Na mdudu alikuwapo. Ufuko mzima ulikuwa mdudu, mnene kama ngozi ya kiboko, wa kahawia inayong'aa.

"Holo. Unafanya nini?"

Holo alirudisha bakuli nyuma ya mgongo kama mtoto, mwanamke wa umri ule. "Naosha vyombo, mayu," akasema, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Unaoshea misumari?"

"Ilikuwa michafu."

Walitazamana. Holo ndiye aliyeshindwa kwanza; aliketi juu ya kreti la samaki, akaliweka bakuli mapajani.

"Usinikasirikie, mayu. Mtu anafanya kazi usiku na mchana, anatusafishia maji, hapewi hata cha kutia mdomoni. Sisi tungelala vipi?"

"Tangu lini?"

"Kidogokidogo, tangu zamani. Ila yule wa kabla yako, yule Mngoni, alikuwa na mkono wa kutoa. Tulijua mwenyewe anampa. Wewe siku ya kwanza ulisimama papa hapa, juu ya kreti, ukasema: kitu hiki kisipewe kitu. Basi. Ukashuka. Tukatazamana, tukasema, jamani, wametuletea Mpare."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tukaweka zamu. Nyumba kwa nyumba. Asife kwa mkono wako."

Kicheko kilimtoka Nakijwa kabla hajakikamata. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha tumbo, na Holo akacheka naye kwa kudhani yamekwisha. Kisha Nakijwa akachuchumaa ukingoni akatazama. Ukimtazama mdudu kwa haraka huoni kitu. Ukituliza macho, unaona zile nyuzi za ukingoni zinageuka, taratibu kama alizeti inavyofuata jua. Zilikuwa zinageukia bakuli lililoko mapajani mwa Holo.

Kicheko kikamkauka.

"Holo, msumari kwake ni sukari. Mwamba kwake ni mahindi makavu. Mtoto ukimpa sukari kila siku mlangoni, ataenda shambani kutafuna mahindi makavu?"

"Haendi."

"Hajaenda. Amewafuata ninyi. Ametoka Saba, ametoka Sita, ameota mpaka hapa mlipo na nyuma yake akafa. Chini kule hakuna mtu. Maji yanachachuka chini ya miguu yetu, na huku juu tunamwita baba."

Holo alilitazama bakuli kama ambaye ameambiwa mtoto aliyembeba si wake. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake, "Kwa nini hukutuambia hivi siku ile?"

Nakijwa alitazama nyayo zake. Siku ile alikuwa ameshuka kwenye lori, miguu inamwasha, akitaka kumaliza kusema.

*

Jioni ile jua likiwa bado lipo, watu walijaa gatini. Aliyeongoza alikuwa mzee Lugembe, mwenyekiti wa wenye vizimba. Ujanani alichimba kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo yaliyokuwa pembeni ya mgodi wa kampuni, na kidole chake kimoja kilibaki huko.

Nakijwa safari hii alieleza. Alieleza mwamba, kiberiti, sukari na mahindi makavu, mpaka koo likamkauka. Akamaliza kwa kusema dawa ni moja: mkono ufungwe. Asipewe kitu chochote, njaa imshike, arudi kutafuta chini.

"Kwa muda gani?" Lugembe aliuliza.

"Mpaka kamba itoke chafu."

"Na akifa kabla?"

"Akifa, amekufa. Hakuna mbegu ya pili. Huyu amezaliwa kwa mwamba huu. Wa shimo jingine hakai hapa."

Watu walinong'ona. Lugembe alisubiri wamalize.

"Mama mchungaji, mimi nimechimba duara. Kule chini tulikuwa wezi, walevi, wengine walishaua. Lakini kulikuwa na sheria moja hatukuivunja. Ukila, unabakiza tonge mdomoni mwa shimo kwa anayekuja nyuma yako. Humjui. Pengine ni adui yako. Unabakiza. Leo unaniambia mtaa mzima umnyime anayetufanyia kazi, ama ahame ama afe."

"Nataka aende kula kwake, baba."

"Kwake wapi? Si ninyi mliomleta?"

Hilo nalo lilikuwa neno. Nakijwa aliliacha lipite.

"Igulya wanakunywa maji haya," alisema. "Masika yakikuta chini kumechachuka, yatapanda na kufurika kama zamani. Mnataka nani alale njaa, mdudu au watoto wa Igulya?"

"Igulya tumeoleana nao, usitufundishe Igulya," mtu alisema kutoka nyuma. Lakini alisema huku anatazama chini.

"Si tumpe kule chini basi?" mwingine akauliza. "Tushushe misumari kwa kamba."

"Na asipoifuata? Tutakuwa tumeweka sumu kwa mikono yetu kwenye maji ya watu. Na akiifuata, mtamlisha mpaka lini? Misumari ya Itandula ikiisha mtaleta takataka za miji mingine mje kumwagia hapa? Ndicho mlichopigania miaka yote, hicho?"

Ndipo Holo aliposimama. Hakumtazama mpangaji wake.

"Sawa. Mkono tutaufunga. Lakini anayenyima naye anyimwe, aijue njaa ina sura gani. Chungu changu hakitampakulia huyu mama mpaka huyo wa majini ale."

Watu walicheka, halafu wakaona Holo hacheki.

"Hiyo ni haki," Lugembe alisema.

Na ikawa sheria. Itandula nzima hapakuwa na nyumba ambayo ingempa wala kumwuzia. Nakijwa alikuwa na mfuko wa unga wa mhogo na chumvi. Aliitikia kwa kichwa.

*

Jumatano lori lilikuja, kimya kama yalivyo malori siku hizi, ukaisikia honi tu. Dereva alimkuta Nakijwa akipanda kutoka kwenye shimo la hewa, ule mdomo mwembamba uliokuwa ukiingiza pumzi kwenye ncha ya mbali ya Njia ya Saba. Matope yalimfika magotini.

"Mama, nimeambiwa kuna mtu mmoja na godoro."

"Godoro lipo ndani."

"Nimeliona. Mbona limekunjuka lote?"

"Kamba yake iko shimoni. Niliyokuwa nayo haikufika ncha ya mbali."

Dereva alilitazama shimo la hewa, akamtazama yeye, akashusha boksi la vipimio vipya na kuuliza kama kuna pa kula. Nakijwa alimwelekeza kwa Holo. Alikaa juu ya jiwe akasikia harufu ya sato wa kukaanga inapanda mlima bila kuombwa. Lori lilipoondoka nyayo zake zilimwasha mpaka akavua viatu akazikuna kwa mchanga. Angeweza kulikimbilia, lilikuwa bado halijafika kwenye kona.

Usingizi ulimhama. Alizunguka shimo kwa miguu, asubuhi na jioni, akitafuna mapera ya mwituni na kunywa uji wa mhogo usio na sukari. Watu walimsalimu vizuri. Wangaluka mayu, naye akajibu wangaluka, kisha kila mtu akageuza uso wake na sahani yake. Alishusha kamba mbili kila siku, ya shimoni na ya shimo la hewa. Zote zilitoka nyeupe, na ulimi ukazidi kuingia ganzi.

Mdudu wa ufukoni alianza kupauka. Kwanza alikuwa rangi ya kahawa yenye maziwa, kisha rangi ya jivu, kisha vipande vikaanza kung'oka na kuelea, na gati likanuka mayai viza. Ila nyuzi zake za ukingoni hazikuacha. Kila mtu aliyekanyaga mbao za gati, zilimgeukia.

"Sitaki kupita pale," watu walisema. "Anatutazama."

Nakijwa alijua mdudu hana macho. Lakini naye alianza kupita mbali.

Halafu samaki wakaanza kufa. Nakijwa alijua mdudu anayeoza angekula hewa ya maji. Alitegemea upepo wa kiangazi ungeyakoroga. Upepo ulikataa. Sato walipanda juu, midomo wazi, wakimeza hewa isiyokuwa yao, na vizimba vya karibu na gati, vya Lugembe, vikawa vyeupe kwa matumbo.

*

Lugembe alikuja saa saba ya mchana, jua la utosi, akitembea katikati ya njia. Alibeba karai kichwani. Mlikuwa na jembe lililoisha, minyororo, bawa la pampu ya kampuni, na misumari isiyo na idadi. Nakijwa alikuwa amekaa mwisho wa gati, mgongo umeegemea nguzo.

"Nimekuja kumlisha," mzee alisema. "Nimekuja mchana usije ukasema nilijificha."

"Karibu, baba."

"Hunizuii?"

"Sina nguvu. Nimekula mapera matatu."

Lugembe alilishusha karai. Mbao zikalia. Chini, ndani ya maji, nyuzi za kijivu zilianza kugeuka.

"Sema basi kitu cha kitaalamu," alisema. "Niambie ofisi imesema bado kidogo. Niambie namba."

"Ofisi haijui. Mchaga ameniambia nimwagie chokaa nimmalize huyu wa ufukoni, pengine aliyebaki chini atakua. Nikamwuliza kama yupo aliyebaki. Akasema pengine. Namba sina, baba. Samaki wako nimewaua mimi, kama hilo ni namba."

"Wamekufa karibu wote wa vizimba viwili."

"Nimewaona."

Mzee alichota misumari konzi moja. Akainyoosha juu ya maji. Misumari ikagongana katika mkono wenye vidole vinne.

Nakijwa aliingiza mkono mfukoni akatoa msumari mmoja, mrefu, wa kupigilia kenchi za paa. Ulikuwa unang'aa kama sindano.

"Huu ulikuwa na kutu," alisema. "Nilianza kuja nao tangu siku chungu kilipofungwa. Kila asubuhi nasimama hapo ulipo. Nimeushika mpaka umetakata. Najua nikiuangusha angeufuata, ningemwona anapata rangi, na siku hiyo ningelala."

"Kwa nini huuangushi?"

"Kwa sababu ningekuwa namlisha ili nilale mimi."

Kunguru walikuwa wakigombea sato mmoja juu ya kizimba. Lugembe aliwatazama. Mkono wake bado ulikuwa juu ya maji.

"Tulikuwa tunabakiza tonge," alisema hatimaye, siyo kwa Nakijwa hasa. "Lakini kuna siku shimo lilikuwa bovu, matimba ya kuzuia udongo yameoza. Mzee wetu aliamka mapema akala matonge yote. Yote. Tukaja tukakuta mdomo wa shimo ni mtupu. Tukamtukana tukarudi nyumbani na njaa. Tulichukia wiki nzima." Alirudisha misumari karaini, mmoja mmoja. "Sikuwahi kumpenda mzee yule."

"Na shimo?"

"Lilianguka. Halikuwa na mtu." Akajikohoza. "Samaki waliobaki nitawaweka wapi?"

"Bwawa la kupoozea maji ya mabomba. Tukizima kikaushio, litapoa kwa siku moja. Maji yake yanatoka Njia ya Pili, huko hakujaharibika."

"Tukizima kikaushio, mihogo ya watu itaota ukungu."

"Itaota."

"Watatutukana wote wawili sasa."

"Angalau nitakuwa na mwenzangu."

Lugembe hakucheka, ila alimpa mkono kumwinua. Mchana ule na kesho yake walibeba sato kwa ndoo na mapipa, watu wakaja mmoja mmoja, wengine wakinuna, wengine wakilaani Upare wote tangu milimani mpaka tambarare, lakini wakibeba. Karai lilibaki gatini. Nyuzi ziliendelea kuligeukia. Siku ya tatu yake zilikuwa zimelala, hazigeukii kitu.

"Amekufa," Holo alisema, amesimama mbali, kanga mdomoni. Hata Nakijwa aliona hivyo.

*

Mawingu ya kwanza yalikusanyika upande wa ziwa kuu asubuhi isiyo na upepo. Nakijwa alishusha kamba ya shimoni. Ilitoka nyeupe. Alikaa juu ya jiwe akaitazama mpaka ikakauka, kisha akapanda mpaka shimo la hewa, akishika vichaka, akipumzika kila penye kivuli.

Kamba ya godoro ilikuwa ndiyo ya mwisho, imefungwa kwenye nyingine kwa fundo la kufungia ndama. Ilipanda nyeupe, nyeupe, nyeupe. Karibu na jiwe, urefu wa kiganja tu, ilikuwa na doa.

Alidhani ni matope. Akapitisha vidole. Vikateleza.

Hakuilamba mara moja. Aliinusa kwanza, akafumba macho. Kisha akailamba, na ganzi ikamwingia menoni kama jana na juzi. Ukali ulikuwa palepale. Doa lenyewe lilikuwa jembamba kama ugaga wa chai kikombeni, na Njia ya Saba ni ndefu kuliko barabara ya sokoni.

Alishuka bila kunawa. Alipita gati, akapita karai, akaingia kwenye banda la Holo ambamo hakuwa ameingia tangu siku ile, akakaa kwenye benchi. Watu waliokuwa wakila wakaacha kutafuna. Holo alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama. Pua yake ikafanya kazi.

"Unanuka," alisema.

"Ndiyo."

"Unanuka yeye."

"Ndiyo."

"Amekula?"

Nakijwa alifikiri. Neno lililo rahisi lilikuwa karibu, na angeweza kulisema, wakapika, wakashangilia, na yeye akashiba.

"Ameonja," alisema.

Holo alirudi jikoni. Kulisikika mfuniko, kisha akatoka na sahani. Palikuwa na tonge moja la ugali na mkia wa sato, basi. Akaiweka mbele yake.

"Na wewe utaonja," alisema, akaketi upande wa pili kumwangalia.

Nakijwa alikula taratibu, kwa mkono uleule uliokuwa unanuka. Tone la mvua lilipiga bati. Likakaa. Likapiga jingine. Wote bandani waligeuza vichwa kutazama shimo, na Holo akauliza.

"Mvua itamwahi?"

"Sijui."

"Sijui ya Mpare au sijui ya kweli?"

"Ya kweli, Holo." Miguu yake chini ya benchi haikutulia, visigino vilipiga sakafu kama vya mshonaji kwenye cherehani. "Kesho nataka kushusha sehemu tatu. Doa moja halinitoshi. Nataka kujua ameshika upande gani. Lakini kamba zimekwisha."

Holo aliinuka. Alitoka nje, kwenye mvua iliyokuwa inaanza, ambako nguo zake zote za wiki zilikuwa zimeanikwa kutoka nguzo ya banda mpaka mti wa mlonge. Hakuzianua. Alifungua fundo la nguzoni, akafungua la mlongeni, na kanga, shuka na magauni vikaanguka matopeni vyote kwa pamoja. Akaikunja kamba mkononi huku anarudi, akaikamua maji mlangoni, akaiweka mezani kando ya sahani.

"Hii ni ndefu," alisema. "Kula umalize, tuipime."